Mziki kwa watoto na vijana: faida ipo, ila sio ile mnayoambiwa

Wazazi tunaokutana nao kwenye vikao vya malezi wako makundi mawili. Kundi la kwanza kwao mziki ni uhuni, mtoto akigonga meza kwa vidole tu anafokewa aende akasome. Kundi la pili ni hawa wa siku hizi, wameambiwa mtandaoni kwamba ukimwekea mtoto mziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, tangu yuko tumboni atazaliwa na akili za kuongoza darasa, kwahiyo wananunua spika, wanalipia programu za simu, mama mjamzito anawekewa hedifoni tumboni. Wote hawako sawa, ila nianze na hawa wa pili maana wao ndo wanatoa hela.

Hiyo habari ya Mozart ilianza 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine waliandika kwenye jarida la Nature. Waliowapima walikua wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima kabisa, hakuna kichanga hata mmoja pale. Walisikiliza Mozart dakika kama 10 alafu wakapewa maswali ya kufikiria maumbo kichwani, mfano karatasi ikikunjwa ikakatwa itaonekanaje ukiikunjua, wakafanya vizuri kidogo kuliko waliokaa kimya, na faida yenyewe ikapotea ndani ya robo saa hivi. Basi, hadithi yote ni hiyo. Lakini ikasambaa mpaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia huko Marekani, Zell Miller, akaomba bajeti ya dola 105,000 ili kila mtoto anaezaliwa jimboni apewe rekodi ya mziki wa aina hiyo! Baadae watafiti wengine wakaonyesha kwamba hata mtu akisikiliza hadithi anayoipenda anapata kale kafaida kalekale, yani ni ubongo umechangamka tu.

Na hili la "mtoto akijifunza kinanda IQ inapanda", yani pointi za kipimo cha akili, nalo tulipunguze. Kuna utafiti mzuri wa Toronto, Kanada, ulitoka 2004, wa Glenn Schellenberg, watoto 144 wa miaka 6, wengine wakafundishwa kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine hawakupewa kitu. Waliosoma mziki walipanda pointi kama 7, wengine pointi 4 na kidogo. Tofauti ipo ila ndogo. Alafu tafiti zilizofuata, zile zinazowalinganisha watoto wa mziki na wenzao waliofundishwa kitu kingine cha maana, tofauti hiyo mara nyingi inayeyuka. Nasema haya mapema ili mwakani usije ukamtoa mtoto kwenye kwaya sababu hesabu bado anapata C, kwaya haikuahidi hesabu.

Sasa faida iko wapi? Kwanza iko masikioni, na hapa wengi hawapajui. Sikio linapeleka sauti tu, kazi ya kuichambua ni ya ubongo, ipi ni "paka" na ipi ni "baka", ipi ni ya mwalimu na ipi ni ya mwenzake anaepiga stori dawati la nyuma. Kwenye madarasa yetu yaliyojaa, bati juu, mvua ikinyesha, mtoto ambae ubongo wake hauchambui vizuri anakosa nusu ya somo na watu wanamuita mzito. Nina Kraus wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzake walifuatilia watoto wa mitaa yenye magenge Los Angeles, watoto wa familia za kipato cha chini, waliokua wanafundishwa mziki bure. Wakapima jinsi ubongo unavyopokea sauti za maneno. Mwaka wa kwanza hamna kitu. Mwaka wa pili ndo mabadiliko yakaonekana. Nawaomba wazazi wa "nimempeleka miezi mitatu sijaona kitu" wasome tena hiyo sentensi.

Na wote hao walikua wanapiga, sio wanasikiliza. Redio ikiwaka sebuleni asubuhi mpaka jioni haimfanyi mtoto kitu kikubwa, mwili wake lazima uingie kazini.

Pili, na kwa maoni yangu hii ndo kubwa kuliko zote, ni kupiga pamoja na wenzio. Ujerumani kuna jaribio la Kirschner na Tomasello, la 2010, watoto wa miaka minne walicheza mchezo mmoja, wengine wakiwa na wimbo na kugonga mdundo pamoja, wengine mchezo huohuo bila mziki. Baadae mwenzao akipata tatizo, wale waliotoka kuimba pamoja walikua wepesi zaidi kumsaidia. Sisi wa huku hilo tunalijua toka zamani, ila tulikua tunaliita ngoma tu.

Chukua kidumbak ya Zanzibar, ule mziki wa mtaani ulio ndugu wa taarab. Una fidla, una vidumbak viwili yani ngoma ndogo, una mkwasa yani vile vijiti vifupi, una cherewa za kutikisa, na una sanduku, besi la watu wasio na hela: boksi, fimbo na kamba. Kijana wa miaka 13 akipewa sanduku anajifunza nini? Anajifunza kwamba kazi yake ni kutoonekana. Anashika mdundo, hapandishi spidi hata kama damu inachemka, akikosea hawezi kusimamisha wote aombe radhi, anaendelea na kurudi kwenye mstari wakati wengine wanapita. Anamsikiliza mwenye fidla anataka kwenda wapi, anamsoma muimbaji anapovuta pumzi. Anasubiri zamu. Sasa niambie, ni semina gani ya stadi za maisha inamfundisha kijana kujizuia, kusikiliza na kuvumilia aibu ndogondogo mbele za watu, vyote ndani ya saa moja, na yeye mwenyewe anaomba kesho arudi? Wapigaji wengi wa taarab walianzia hukohuko kwenye kidumbak kabla hawajakaa kwenye viti vya vikundi vikubwa.

Kwa kijana alieingia balehe kuna jingine. Umri ule anataka awe mtu fulani, awe na kundi lake, na kama hujampa kundi atalipata mwenyewe mtaani. Kikundi cha mziki kina ratiba, kina mkubwa anaemjua kwa jina na atauliza "jana ulikua wapi", kina siku ya kupanda jukwaani nguo zimepigwa pasi. Kule Korogocho, Nairobi, kuna Ghetto Classics, vijana wanapiga fidla na tarumbeta kwenye eneo la kanisa pembeni ya dampo la Dandora, na ukiwatazama unaona kabisa kwamba hapo wanapewa kitu zaidi ya noti za mziki, wanapewa mahali pa kwenda baada ya shule. (Wavulana sauti inapopasuka wasifukuzwe kwaya jamani, wapewe ngoma au sauti ya chini kwa muda, wengi tunawapoteza hapohapo.)

Gharama ndo kisingizio kikubwa, na mimi nakikataa. Madrasa ina kasida na dufu, na wale wasioridhia ala basi sauti tupu inatosha kabisa, faida ya kupumua pamoja na kushika mahadhi iko palepale. Kanisani kuna kwaya ya watoto. Mtaani kuna matarumbeta, na wale jamaa mara nyingi wanapokea chipukizi ukiwafata kistaarabu. Shuleni kuna michezo ya UMITASHUMTA (shule za msingi) na UMISSETA (sekondari) ambayo ina kwaya na ngoma ndani yake, ila walimu wakuu wengi wanakumbuka mpira tu, kwahiyo mzazi uliza kwenye kikao. Wakenya wana tamasha lao la mziki la shule toka 1927, sisi Watanzania tunasuasua, mziki upo kama somo la kidato cha nne ila shule zinazofundisha ni za kutafuta kwa tochi. Akitaka kwenda mbali zaidi kuna TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, na Zanzibar kuna chuo cha mziki cha DCMA kilichoanza 2002, wanafundisha taarab, ngoma na kidumbak.

Kwa wale wa kundi la kwanza, wa "uhuni", nawaelewa. Kuna singeli zina maneno ambayo mimi mwenyewe nazima redio watoto wakiwepo. Ila gombana na maneno, usigombane na ngoma. Kaa na mwanao muulize huyu anasema nini hapa, unakubaliana nae? Utapata maongezi ambayo kwa njia nyingine angekukimbia. Ukimnyang'anya simu tu atasikiliza kwa rafiki yake na wewe hutojua.

Kitu kimoja cha kweli cha kuogopa ni sauti kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako kwenye hatari ya kuharibu masikio kwa kusikiliza vibaya. Kipimo chao kwa mtu mzima ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki, kwa mtoto 75. Ukipanda mpaka 100, ambayo mbele ya spika za kigodoro inafika bila shida, muda salama ni kama dakika 20 tu kwa wiki nzima. Mtoto akitoka kwenye sherehe anasema masikio yanalia nziii, hiyo ni dalili, asikae tena karibu na spika. Iafoni zisizidi kama asilimia 60 ya sauti ya simu. Na seli za sikio zikifa hazioti tena.

Swali linalokuja kila kikao: mwanangu ana miaka 15, si kachelewa? Hajachelewa. Timu ileile ya Kraus ilichapisha utafiti mwingine 2015, wa shule za sekondari Chicago zenye wanafunzi wa hali ya chini. Wengine walianza mziki kidato cha kwanza, wengine wakaingia mafunzo ya ukakamavu ya kijeshi, yale ya kuamka na kukimbia. Walianza wakiwa sawa. Baada ya miaka mitatu ubongo wa wale wa mziki ulikua unapokea sauti za maneno kikomavu zaidi, na mziki wenyewe walikua wanafundishwa shuleni tu, ndani ya ratiba.