Moshi, mapafu na kondoo wa maabara: yanayosemwa na yalivyo

Nyumba ikishika moto, iwe Ng'ambo au Mji Mkongwe, utasikia tu "masikini kaungua mapafu". Mara nyingi si hivo. Mwaka 1945 mtafiti Moritz na wenzake kule Marekani waliwavutisha mbwa hewa ya moto, digrii mamia, na ule moto ukaishia juu kwenye njia ya hewa, hewa ikifika chini ishapoa, mana kuta za koo ni mbichi na zinaunyonya haraka. Mvuke wa maji tu ndo ulioshuka mpaka chini. Kwa hiyo mtu akitolewa kwenye moshi kifua kimembana, alomuumiza khasa ni masizi na gesi za sumu.

Majeraha hayo ya moshi yanachunguzwa kwa kondoo, na wengine wanadhani kondoo wa utafiti anafungiwa bandani kisha banda linatiwa moto. Hapana bwana. Galveston, Texas, ambako kondoo wametumika miaka mingi, mnyama analazwa kwa nusukaputi, anatiwa mpira wa kupumulia, halafu anavutishwa moshi wa taulo la pamba kutoka kwenye kile kidude cha kufukizia mzinga, wafuga nyuki wa Pemba wanakijua, wamekigeuza kidogo tu. Pumzi 48, kwa mafungu ya 12, na moshi unapozwa kwanza ili jeraha liwe la moshi peke yake. Kila fungu likimalizika inapimwa damu kuona kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya moshi, imepanda vipi.

Ati bado ni kumtesa mnyama, na dini imekataza? Swali la haki hilo. Watafiti wana kanuni za wataalamu wawili, Russell na Burch, tangu 1959: tumia njia nyengine kama ipo, punguza idadi, punguza maumivu. Mie sioni kama zimemaliza mjadala.

Kwani panya hawatoshi? Kwa mambo ya chembe na jeni wanatosha sana, na ni rahisi. Lakini panya anavuta hewa kwa pua tu, masizi mengi yananaswa hukohuko puani, kikohozi kama chetu hana, na tezi za makohozi ndani ya mapafu karibu hana kabisa. Kondoo mapafu yake yanakaribia ya mtu kwa ukubwa, unaweza kumuweka kwenye mashine ya kupumulia kama mgonjwa wa ICU, chumba cha mahututi, na kumfatilia siku mbili tatu.

Na hapo ndo kondoo alipofaa, kwenye ile dhana ya "si anapumua vizuri, mrudisheni nyumbani". Saa za mwanzo mnyama anaweza kuonekana hana neno, lakini kumbe damu inayolisha kuta za mirija ya hewa ishaongezeka mara kadhaa, maji yanavuja, na makohozi, chembe nyeupe na damu inayoganda vinashikana mpaka vinakuwa vizibo vyenye umbo la mirija yenyewe, ukivitoa utasema vijitawi vya mti. Kesho yake mapafu yashavimba. Watafiti walipoifunga ile ateri, mshipa wa damu unaolisha mirija, uvimbe ukapungua, ikajulikana kwamba madhara ya juu yanasafiri kwa damu kwenda chini.

Sasa usije ukasema dawa ikimponya kondoo na mtu imemponya. Heparini ya kuvutishwa, dawa ya kuzuia damu isigande na vile vizibo visijengeke, kwa kondoo ilileta matumaini, hospitali nyengine za majeraha ya moto zinaitumia, lakini kwa wagonjwa majibu hayajawa mamoja. Kondoo yule alikuwa mzima, kavuta pamba. Sie tunavuta godoro la sponji, zulia, mabomba ya plastiki, na sponji ikiungua inatoa sainidi, sumu kali. Dawa ya sainidi, haidroksokobalamini, ilijaribiwa kwa mbwa, na Marekani waliipitisha 2006 wakiegemea sana ushahidi wa wanyama, mana nani atamtia mtu sumu ili aone kama dawa inafanya kazi?

Na wale wanaomnywesha maziwa mtu alovuta moshi je? Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko mapafuni, basi. Mpelekeni akapewe oksijeni, na kile kidude cha kidoleni cha kupimia oksijeni kikisoma 98 msitulie nacho, kile cha kawaida hakiwezi kutafautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi.