Saratani ya tumbo: tezi ziondolewe kiasi gani, na kwa mgonjwa yupi?

Saratani ya tumbo inapoanza kusambaa, mara nyingi hupitia kwanza kwenye tezi za limfu zinazouzunguka mfuko wa tumbo. Ndiyo maana daktari wa upasuaji haondoi uvimbe tu, huondoa na tezi hizo. Kazi ngumu ni kuamua aishie wapi.

Upasuaji wa kiwango cha D1 huondoa tezi zilizo jirani kabisa na tumbo. Wa D2 huendelea hadi kwenye tezi zilizofuata mishipa mikubwa ya damu ya ini na bandama, kandokando ya kongosho. Uholanzi ililinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 711 waliofanyiwa upasuaji kati ya 1989 na 1993. Waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 4 kwa D1 na asilimia 10 kwa D2. Lakini baada ya miaka 15, waliouawa na saratani yenyewe walikuwa asilimia 48 kwa D1, na 37 kwa D2. Vifo vingi vya mwanzo vilihusishwa na kuondoa bandama na mkia wa kongosho, jambo ambalo siku hizi halifanywi bila sababu maalumu.

Kwa hiyo D2 inafaa, ila kwa mwili unaoweza kuihimili na mikononi mwa madaktari walioizoea.

Mwili wa nani hauihimili? Watu hutaja umri kwanza, nami sikubaliani nao sana. Mzee mwenye moyo na mapafu mazuri anaweza kuvuka salama kuliko kijana mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Ninachokihofia zaidi ni utapiamlo. Mgonjwa wa saratani ya tumbo hushiba haraka, hutapika, hukonda. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi sita yuko hatarini, kwa sababu mshono wa utumbo unahitaji protini ili upone. Ukifumuka, uchafu humwagikia tumboni. Huyu ni heri alishwe kwanza, hata kwa mrija, upasuaji usogezwe mbele wiki moja au mbili.

Unene nao una shida yake. Mafuta ya ndani huficha tezi na mishipa, damu hupotea zaidi, na kongosho huweza kujeruhiwa likavujisha maji yake makali.

Mgonjwa dhaifu sana, mwenye moyo au ini lililochoka, anaweza kufanyiwa D1 kwa makusudi. Familia isidhani ametelekezwa. Huo ni uamuzi wa kitabibu wa kumlinda.

Tafadhali msitufiche sisi madaktari kitu: sigara, pombe, dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za kienyeji. Anayevuta sigara aache angalau wiki nne kabla, mapafu yapate nafuu. Mgonjwa anayeanza na dawa za saratani kabla ya upasuaji ana muda mzuri wa kufanya hayo yote, pamoja na kutembea kila siku na kurekebisha sukari.

Baada ya upasuaji, ombeni ripoti ya maabara ya patholojia muone idadi ya tezi zilizopimwa. Inashauriwa zisipungue 16. Zikiwa chache, ugonjwa unaweza kuonekana mdogo kuliko ulivyo, hivyo muulizeni daktari kama hilo linabadilisha matibabu yanayofuata.