Phobos si mtupu ndani, na "mnara" wake ni jiwe
Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu: eti Phobos, mwezi mdogo wa Mirihi, ni mtupu ndani, umejengwa na viumbe wasiojulikana, na picha ya "mnara" juu yake ndiyo ushahidi. Si kweli.

Mwaka 2010 chombo cha anga cha Mars Express kiliupita Phobos kwa umbali wa kilomita 67 tu. Mvutano wa mwezi huo ulikibadilishia chombo mwendo kidogo, na badiliko hilo likaonekana kwenye mawimbi ya redio yaliyofika duniani. Kwa njia hiyo hupimwa tungamo la Phobos, yaani kiasi cha maada kilichomo. Ukubwa tunaujua kwa picha. Ukigawanya tungamo kwa ukubwa huo, unapata takribani gramu 1.9 kwa kila sentimita ya ujazo. Ni chini ya mwamba wa kawaida, na hapa ndipo wengi huteleza, wakidhani basi ni mtupu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni mianya mingi iliyotawanyika, kama kwenye rundo la kifusi, si chumba kimoja kikubwa.

"Mnara" nao ni jiwe kubwa. Jua lilikuwa chini, kivuli kikarefuka. Tafuta picha nzima, isiyokatwa, ulinganishe na vivuli vya jirani. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.