Mkanda wa kiuno haukubebei mfuko

Juzi tena. Mama mmoja anayepandisha mizigo hadi soko la Kadutu ameketi mbele yangu, mkono kiunoni. "Docta, uniandikie ile mkanda ngumu, nipate kubeba mifuko miwili." Mimi ni kine, mtaalamu wa tiba ya viungo, hapa Bukavu, na ombi hilo nimelichoka.

Mkanda hauondoi hata kilo moja. Unabana tumbo, shinikizo la ndani linapanda, kiuno kinakakamaa kidogo, na mtu anajisikia ana nguvu. Hapo ndipo hatari ilipo: anaongeza mzigo, na diski za uti wa mgongo ni zile zile. Wanaonyanyua vyuma huufunga kwa sekunde chache, kisha huulegeza. Hawapandi nao mlima tangu alfajiri. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ilisema tangu 1994 kwamba haiupendekezi kwa wafanyakazi ambao hawajaumia mgongo. Mwaka 2000 ukatoka utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka ya huko: mkanda haukupunguza maumivu ya mgongo.

Sasa vijana wananitumia video za mavazi ya springi, eksoskeletoni. Hayo ni kitu kingine kabisa, msiyachanganye na mkanda. Shika mzigo wa kilo 20 nusu mita mbele ya uti: misuli ya mgongo iko kama sentimita 5 tu kutoka kwenye uti, basi inalazimika kuvuta kama kilo 200. Ukiinama na vazi hilo, springi inavutika. Ukiinuka inakurudishia nguvu, na sehemu ya kazi inahamia kifuani na mapajani. Kijana anayeokota maboksi chini siku nzima linaweza kumfaa.

Lakini tazameni mama zetu! Mzigo uko mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mwili umeinama kuukabili mlima. Uzito unashuka shingoni, kwenye uti, hadi magotini. Mikononi hakuna kitu. Springi ingemvuta arudi nyuma wakati usalama wake ni kuinama mbele, na vazi lenyewe lina kilo zake, nalo angelibeba juu ya mzigo.

Nakiri jambo moja. Mgonjwa mwenye maumivu makali huwa namfunga mkanda siku mbili tatu, naye anasimama, anatembea. Ni mkanda, au ni woga uliomtoka? Miaka yote hii sijaweza kutenganisha.

Yule mama sikumwandikia. Katika hesabu ya NIOSH ya kunyanyua, kikomo ni kilo 23, tena katika hali bora kabisa. Mfuko mmoja wa simenti una 50. Kuacha kazi hawezi, watoto wanakula kwa mgongo huo. Nilimwomba mzigo uwekwe kwanza juu ya ukuta mfupi, mwenzake akiushika, ndipo ajifunge kamba akiwa amesimama. Alikuwa akijifunga ameketi chini, halafu anainuka nao wote, na ni katika kuinuka huko ndiko kiuno kilipomkamata.