Uraia pacha, viza na jeshi: soma kabla hujamlipa dalali

Watu wanaokuja kuniuliza kuhusu uraia wa pili hapa Dar es Salaam huwa na moja kati ya haja mbili. Wapo wafanyabiashara, wengi wa Kariakoo, waliochoka kukusanya taarifa za benki na barua za mwaliko kila wanapoomba viza ya Ulaya. Na wapo wazazi wenye vijana wa kiume waliozaliwa nje, au wenye asili ya nchi ambako kijana huitwa jeshini apende asipende. Dalali huwa ameshawaambia wote kwamba paspoti mpya inamaliza shida zote mbili kwa mkupuo. Mimi ni wakili wa masuala ya uraia na uhamiaji, na naandika haya kwa sababu naona familia zikitoa akiba ya maisha kwa ahadi ambayo sehemu yake kubwa si kweli.

Tuanze na kwetu. Kwa Mtanzania aliyetimiza miaka 18, anachouziwa kama uraia wa pili ni kubadilisha uraia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haitambui uraia pacha kwa mtu mzima: ukichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako, wa Tanzania unakoma. Unakoma hata kama Uhamiaji hawajajua na paspoti yako ya kielektroniki bado ina miaka kadhaa mbele. Ukiendelea kuitumia pale uwanja wa Julius Nyerere, unatumia hati ya uraia ambao huna tena, na hilo lina mashtaka yake. Kuna pia suala la ardhi, ambalo watu husahau kabisa. Kwa kawaida asiye raia hamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, kwa hiyo kiwanja chako cha Kigamboni nacho kinaingia mashakani.

Mfano wa rafiki Mkenya haukusaidii. Katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia pacha, na Uganda nao wanaruhusu. Sisi bado. Mtoto aliyezaliwa Marekani na wazazi wa Kitanzania anaweza kuwa na uraia wote wawili akiwa mdogo, ila akitimiza miaka 18 sheria yetu inamtaka achague. Hadhi maalumu kwa raia wa kigeni wenye asili ya Tanzania ni nafuu ya kweli kwa walioko nje, nami naiunga mkono, lakini haikurudishii uraia wala kura. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka Bunge liruhusu uraia pacha kwa waliozaliwa Watanzania. Mpaka hapo, nashauri kwa sheria iliyopo.

Kwenye jeshi ndiko watu wanakoumia zaidi. Wajibu wa kijeshi unafuata uraia ulionao. Ukiongeza uraia mwingine, ule wajibu wa kwanza unabaki palepale, na wakati mwingine unajiongezea wa pili. Mkataba wa The Hague wa 1930 uliweka misingi ambayo mataifa mengi yanaifuata hadi leo: kila nchi hujiamulia yenyewe nani ni raia wake, na nchi haiwezi kumkingia mtu kifua dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Chukua kijana wa Eritrea, ambako utumishi wa taifa ulitungiwa sheria ya miezi 18 mwaka 1995, kisha baada ya vita na Ethiopia vilivyoanza 1998 ukawa hauna mwisho unaojulikana. Akitua Asmara na paspoti ya Canada, kule wanamhesabu Mueritrea, na ubalozi wa Canada hauna la maana la kumfanyia.

Sasa geuza upande. Uturuki inatoa uraia kwa anayenunua nyumba ya angalau dola 400,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2022. Wafanyabiashara wetu wanaifahamu Istanbul vizuri, hivyo wanavutiwa. Baba anawaandikisha na wanawe wadogo. Haambiwi kwamba Uturuki ina jeshi la lazima kwa wanaume, na kwamba mwanawe akikua atakuwa Mturuki mwenye wajibu huo. Marekani nayo haijaita watu jeshini kwa lazima tangu 1973, ila raia wake wa kiume wa miaka 18 hadi 25 bado wanatakiwa kuwa kwenye daftari la watakaoitwa ikihitajika, hata wakiishi Mbezi.

Wazazi wengine huniuliza kuhusu JKT ya mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Ilisimama 1994, ikarudi 2013, na ni miezi michache ya mafunzo. Kumvua mtoto Utanzania kwa ajili hiyo ni hasara tupu.

Zipo kesi mbili ninazowasimulia wateja. Friedrich Nottebohm, Mjerumani aliyeishi Guatemala miaka mingi, alichukua uraia wa Liechtenstein mwaka 1939, vita vikiwa vimeshaanza, akasamehewa sharti la kuishi huko kwanza. Guatemala ilimkamata 1943 kama raia wa adui vilevile. Mwaka 1955 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Guatemala haikulazimika kuutambua uraia ule, kwa kuwa hakuwa na uhusiano wa kweli na Liechtenstein. Ya pili ni ya Yoo Seung-jun, mwimbaji wa Korea Kusini aliyechukua uraia wa Marekani mwaka 2002 alipokaribia kuingia jeshini. Jeshi alilikwepa, lakini alizuiwa kuingia Korea, na hata baada ya kushinda mahakamani kuhusu viza aliendelea kunyimwa.

Kuhusu safari, paspoti ya kununua hupoteza nguvu yake haraka kuliko watu wanavyodhani. Vanuatu iliuza uraia hadi Umoja wa Ulaya ukafuta msamaha wake wa viza mwaka 2024. Uingereza iliirudishia Dominica masharti ya viza mwaka 2023. Na majirani zetu wa Komoro walipitisha sheria ya kuuza uraia mwaka 2008. Rais wa wakati ule, Ahmed Abdallah Sambi, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2022 kwa kesi iliyotokana na mauzo hayo.

Kwa mwenye kijana, njia halali ni kuukana rasmi uraia unaodai jeshi, mapema, nchi hiyo inaporuhusu. Tarehe ndiyo roho ya jambo hili. Korea Kusini, kwa mfano, humpa kijana mwenye uraia pacha hadi 31 Machi ya mwaka anaotimiza miaka 18. Akichelewa, anahitaji kibali maalumu au amalize kwanza suala la jeshi. Kwa hiyo nileteeni cheti cha kuzaliwa cha mtoto na paspoti za wazazi wote wawili akiwa bado na miaka 15 au 16, kabla ya kumpa mtu yeyote hata shilingi.