Kupaka upya bunduki ya kuwindia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Bunduki ya kuwindia iliyotengenezwa kwa oda ni kazi ya kupimanisha. Fundi amelisugua komeo, yaani kile chuma kinachosogezwa mbele na nyuma kufunga risasi ndani ya bunduki, mpaka likateleza bila kucheza, na amechonga kitako cha mbao kikaushika mwili wa chuma sawasawa. Ndiyo maana mwenye nayo akitaka kuipa koti jipya la kuikinga, ushauri unaolifaa geti la chuma haumfai. Bahati mbaya ushauri mwingi unaozunguka ni huohuo wa mageti.

"Ikishapakwa, habari ya mafuta imekwisha."

Inategemea imepakwa nini. Ule weusi wenye ubluu wa bunduki za zamani si rangi. Ni uso wa chuma chenyewe uliogeuzwa kuwa magnetiti, yaani oksidi nyeusi ya chuma. Tabaka lake ni jembamba sana, na peke yake halizuii mengi. Linachosaidia ni kushika mafuta, na mafuta ndiyo yanayofukuza maji. Koti la fosfeti, lile la kijivu lililovaliwa na bunduki nyingi za jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lina vitundu vidogo vidogo vinavyonywa mafuta. Yakikauka, kutu inaanza.

Makoti ya polima yenye seramiki, kama Cerakote, hayo yanauziba uso kwelikweli. Lakini hayapakwi ndani ya mtutu, wala kwenye chumba cha risasi, wala kwenye nyuso za meno ya komeo zinazobeba msukumo wa baruti. Sehemu hizo zinabaki chuma kitupu, nazo ndizo ambazo kutu ikiingia hasara yake ni kubwa. Kwa hiyo kitambaa cha mafuta bado kina kazi.

"Tabaka nene ndilo lenye kinga zaidi."

Hapa ndipo bunduki nzuri zinapoharibiwa, tena na watu wenye nia njema. Koti la seramiki likipakwa vizuri huwa na unene wa takriban milimita 0.025, pungufu ya unywele wa mtu. Linaonekana si kitu. Sasa lipige ndani ya njia ya komeo: kipenyo kinapungua kwa milimita 0.05, kwa kuwa koti limeingia pande zote mbili. Ukilipaka na komeo lenyewe, kipenyo chake kinaongezeka kwa 0.05 nyingine. Nafasi iliyokuwepo imeliwa milimita 0.1, na kwenye bunduki iliyopimanishwa kwa mkono huenda nafasi yote haikufika hapo. Komeo linakwama.

Rangi ya unga ya kuchomwa ndiyo mbaya zaidi kwa kazi hii, maana huwa nene mara kadhaa ya hiyo. Ni nzuri kwa viti na rimu za magari.

Koti likiingia kwenye chumba cha risasi au mahali meno ya komeo yanapokalia, linabadilisha namna risasi inavyokaa, na hilo ni suala la usalama wa mpigaji. Vipande vya ndani vya kifyatulio navyo haviguswi kabisa. Fundi anayeijua kazi hutumia muda mwingi kuziba kwa tepu na vizibo vya silikoni kuliko kunyunyiza. Ukimwuliza ni wapi hatapaka naye akakosa jibu, chukua bunduki yako uondoke.

"Oveni itauharibu ugumu wa mtutu."

Hapana. Cerakote ya kuchomwa hukauka kwa kawaida kwenye nyuzi 120 hivi za Selsiasi kwa saa mbili. Chuma cha mtutu kilishapitia joto la mamia ya nyuzi kiwandani, hizo 120 hakizihisi. Vinavyoumia ni vingine: darubini, mbao, plastiki na gundi ya epoksi. Vyote hivyo hufunguliwa kwanza. Na oveni iliyotumika kwa kazi hii isirudi kupika chakula.

Cha kuogopwa ni kemia. Maji ya moto ya kostiki soda na chumvi yanayotumika kuutia chuma weusi hula aluminiamu, na hula pia madini laini ya kulehemu yanayounganisha mitutu pacha. Mitutu ya namna hiyo hufanyiwa njia ya polepole: huachwa ishike kutu nyepesi, huchemshwa kwenye maji safi mpaka wekundu ugeuke mweusi, husuguliwa, kisha mzunguko unarudiwa. Kutu yenyewe ndiyo inayofanywa kinga.

"Stenlesi haishiki kutu, ya nini kuipaka?"

Inashika, ila inachelewa. Chumvi ya jasho na ya bahari huitoboa. Isitoshe inang'aa juani, na mnyama ana macho.

"Koti litafunika makovu."

Koti jembamba hufuata kila mkwaruzo. Kazi iko kwenye maandalizi: chuma hupigwa chembe za oksidi ya aluminiamu, huoshwa kwa asetoni, na hupashwa moto kidogo ili mafuta yaliyojificha kwenye matundu ya skrubu yatoke. Baada ya hapo hakishikwi kwa vidole vitupu. Koti likibambuka mapema, mara nyingi kosa liko hapa.

Wanaotoa koti la zamani kwa asidi kali wakumbuke kwamba hidrojeni huingia kwenye chuma kigumu, na springi iliyoloweshwa hivyo inaweza kukatika ghafla. Namba ya bunduki nayo isiliwe na msasa. Katika nchi nyingi kuifuta ni kosa la jinai, na kumweleza askari kwamba ulikuwa unasafisha tu si utetezi.

"Mafuta ya kitani yanazuia maji kwenye kitako."

Yanapendeza, lakini unyevu unapita. Mbao hunywa zaidi mahali ilipokatwa, chini ya mpira wa begani na ndani ya mifereji, na huko ndiko wengi wasikopaka. Matambara yenye mafuta hayo yaanikwe nje yakiwa yametandazwa. Yakifinyangwa kwenye rundo yanaweza kushika moto yenyewe.

"Ikipakwa, shabaha inabadilika."

Koti la nje haligusi njia ya risasi. Kinachobadilika ni skrubu zilizofunguliwa na kukazwa upya, na darubini iliyotolewa. Bunduki irekebishwe shabaha uwanjani kabla ya kuingia porini.

"Ikiwa mpya, bei inapanda."

Kwa bunduki ya kazi, huenda. Kwa wakusanyaji ni kinyume: Winchester Model 70 za kabla ya 1964 hupendwa zikiwa na koti lao la kiwandani, hata kama limefifia. Mwenye bunduki ya aina hiyo aisafishe, aipake mafuta, na ampelekee mthamini kabla mtu yeyote hajashika msasa.