Magereza na malezi ya watoto: wajibu wa serikali ya Kenya unaochukuliwa kama hisani

Usalama wa watu walio gerezani na msaada kwa wazazi wanaofanya kazi hutajwa pamoja kwa nadra, ilhali nchini Kenya yote mawili husumbuliwa na kosa moja la fikra: huombwa kama fadhila, wakati sheria imeyaandika kama deni. Zifuatazo ni dhana potofu zinazolilea kosa hilo, kila moja na jibu lake.

Dhana: Mfungwa amepoteza haki zake zote.

Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu aliyezuiliwa au kufungwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo kwa wazi haziwezi kwenda sambamba na kuzuiliwa kwake. Hukumu humwondolea uhuru wa kwenda atakako. Haimwondolei uhai, afya wala heshima, na Kifungu cha 25 kinakataza mateso bila kuruhusu kisingizio chochote. Tusisahau pia kwamba humo ndani wamo maelfu ya walio rumande, ambao hakuna mahakama iliyowapata na hatia.

Dhana: Gereza salama ni lile ambalo hakuna awezaye kutoroka.

Mnamo Novemba 2021, wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walipotoroka gereza la Kamiti, Kamishna Jenerali wa Magereza, Wycliffe Ogallo, aliachishwa kazi siku chache tu baadaye. Basi serikali inajua kuwajibika upesi inapotaka, na ndiyo sababu inauma kuona wepesi huo ukikosekana pale mtu anapofia mikononi mwake. Mwezi Septemba 2000, wafungwa sita waliokuwa wamehukumiwa kifo walikufa katika gereza la King'ong'o, Nyeri, na maelezo ya kwanza yakawa kwamba walianguka wakijaribu kutoroka. Uchunguzi wa maiti ulionyesha vipigo, na askari jela wakashtakiwa kwa mauaji. Robo karne baadaye, Juni 2025, mwalimu kijana alifia mikononi mwa polisi jijini Nairobi, tukaambiwa kwamba alijigonga kichwa ukutani, hadi wataalamu walipoeleza majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na alama za kupigwa mwilini.

Katika visa vyote viwili, maelezo ya kwanza yalitoka upande wa walioshika funguo, na kwa hiyo uchunguzi hauwezi kuachwa mikononi mwao. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, huchunguza vifo vilivyo mikononi mwa polisi, lakini mamlaka yake hayafiki kwa askari jela; huko tunategemea zaidi ziara za majaji na mahakimu, pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Pengo hilo ni la Bunge kuliziba. Kwa sasa, familia iliyo na wasiwasi iandike ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu inapaswa kutolewa ndani ya saa 48.

Dhana: Mtoto aliye gerezani na mama yake ni mzigo wa mama huyo.

Sheria ya Magereza inamruhusu mtoto mchanga kukaa na mama yake aliyefungwa hadi atimize miaka 4, au hadi apatiwe malezi yafaayo nje ikiwa hilo litatangulia, na inaruhusu mavazi na mahitaji yake yalipiwe na umma. Mtoto anayejifunza kutembea ndani ya ua wa Gereza la Wanawake la Lang'ata hajahukumiwa na yeyote, na Kifungu cha 53 cha Katiba kinamlinda sawasawa na mtoto wa jirani yako.

Dhana: Likizo ya uzazi hutegemea wema wa mwajiri.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 na baba wiki 2, wote kwa mshahara kamili, na inamhakikishia mama kurudi kwenye kazi yake bila kupoteza likizo ya mwaka. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawia mikono, jokofu na kiti cha starehe, na inakataza chumba hicho kuwa chooni. Hata hivyo wapo akina mama wanaokamua maziwa chooni hadi leo, kwa sababu ukaguzi ni haba. Aidha, mshahara wa likizo hubebwa na mwajiri peke yake, jambo linalowafanya baadhi yao wasite kuajiri wanawake vijana. Hapo serikali imejivua jukumu ambalo ingepaswa kushiriki.

Dhana: Nani anamtunza mtoto mzazi akiwa kazini ni suala la nyumbani.

Jedwali la Nne la Katiba linataja vituo vya malezi ya watoto miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Mzazi anayeamkia kazini katika soko la Gikomba jijini Nairobi au kwenye mashamba ya maua ya Naivasha ana haki ya kusimama katika kikao cha wananchi kuhusu bajeti, na kumtaka gavana na mwakilishi wa wadi waonyeshe ni kiasi gani kimetengewa vituo hivyo, na vitafunguliwa wapi.